Sauti ya bure, nani anailipa?

Mazungumzo ya redio juu ya amani, yaliyochapwa kwa ajili ya jamaa zilizokimbia vita na viongozi wa Masisi na Walikale

Nasema kwa namna ya pekee na jamaa zilizokimbia vijiji vyao Masisi na Walikale. Wengi wenu mlilala Bulengo, Lushagala na Rusayo karibu na Goma mpaka kambi zile zilipovunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025. Wengine walirudi wakakuta nyumba hakuna. Wengine wanakaa kwa jamaa za watu, wakihesabu siku.

Mtu aliyekimbia hana shamba, hana duka, hana ng'ombe. Kitu kinachomfikia kila siku ni neno: neno la redio, neno la simu, neno la jirani. Kwa neno hilo anaamua turudi leo au tungoje, barabara iko wazi au imefungwa, msaada unaandikwa wapi. Neno la uongo likimfikia mtu huyu, linamwumiza upesi kuliko mtu aliye kwake na ghala lake. Kwa hiyo leo nawaomba tujifunze kuuliza swali moja juu ya kila neno linalotufikia bila sisi kutoa feza: nani analilipa?

Wazee walisema, mkono mtupu haulambwi. Redio inakula mafuta ya jenereta. Gazeti linakula karatasi. Mashine za simu na kompyuta zinakula umeme mchana na usiku. Kama wewe msikilizaji hukulipa, mwingine amelipa. Na yule aliyelipa ana haja yake. Haja hiyo yaweza kuwa nzuri au mbaya, lakini ipo. Tufuate basi historia, tuone nani alilipa neno, na neno lilifanya nini.

Neno katika barza

Zamani neno kubwa lilisemwa katika barza. Mtu alisimama mbele ya watu waliomjua yeye, baba yake na shamba lake. Akisema uongo kesho wangemkuta njiani. Kama alileta pombe kwa wazee ili waseme kwa upande wake, kila mtu aliiona ile pombe. Barza ilikuwa na makosa yake: wamama mara nyingi hawakupewa nafasi, na maskini alikatwa maneno. Lakini ilikuwa na jambo moja jema: msemaji na mlipaji walionekana kwa macho.

Shikeni jambo hilo, maana ndilo lililopotea kidogo kidogo. Historia yote nitakayowaambia ni historia ya mlipaji aliyekuwa anasogea mbali, mpaka tukawa tunasikia sauti tu, na mkono hatuuoni.

Serikali inalipa, serikali inasema

Redio ya kwanza katika nchi yetu ilianzishwa na mapadri Wayezuiti mjini Léopoldville, mwaka 1937. Mwaka 1940, wakati wa vita vya pili vya dunia, serikali ya Wabelgiji ikafungua Radio Congo Belge. Mlipaji alikuwa mkoloni, na sauti ilisema kama mkoloni alivyotaka.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 sauti ikawa ya taifa, na wakati wa Mobutu ikawa sauti ya chama kimoja. Wakubwa wenu mnakumbuka: kabla ya habari za televisheni, uso wa Mobutu ulionekana ukishuka kutoka mawinguni. Hakuna aliyejidanganya. Kila mtu alijua nani amelipa ile picha, na kwa sababu alijua, aliweza kupima. Wengi walisikiliza, kisha wakatafuta habari nyingine kwa wasafiri, au kwa redio za nchi za nje.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza kwamba vyama vingi vimeruhusiwa. Magazeti mengi yakazaliwa, hasa Kinshasa. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Ila swali la mlipaji halikuulizwa sana. Gazeti lisilo la serikali laweza kuwa la raia. Laweza pia kuwa la tajiri mmoja, au la mwanasiasa anayetafuta kiti.

Redio ya wenye hisa

Sasa tuvuke mpaka, maana jirani yetu alipatwa na jambo ambalo sisi pia tulilipia kwa damu. Mwezi Julai 1993 redio mpya ilianza kusikika Kigali: Radio Télévision Libre des Mille Collines, ambayo watu waliiita RTLM. Haikujitambulisha kama redio ya serikali. Ilikuwa kampuni iliyouza hisa kwa watu. Ilipiga muziki mzuri, hata nyimbo za huku kwetu Zaire. Watangazaji wake walicheka na kutaniana kama vijana wa mtaani. Mtu alifungua redio apate wimbo, na wimbo haukumgharimu kitu.

Kando ya wimbo wakaweka chuki. Kwanza ilikuwa mzaha, kisha majina ya watu, kisha mwaka 1994 wito wa kuua. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilihukumu kesi ya waandishi hao tarehe 3 Desemba 2003, na hukumu ya rufani ikatolewa tarehe 28 Novemba 2007. Mimi niliyesoma sheria najua kwamba kesi hiyo ilifungua mlango mkubwa: majaji walisema wazi kwamba neno la redio laweza kuwa silaha, na mtu anayeongoza redio ya namna hiyo anajibu mbele ya sheria. Lakini waliolipa je? Mfanyabiashara tajiri aliyekuwa mkuu wa kampuni ile, Félicien Kabuga, alikamatwa Ufaransa mwezi Mei 2020, miaka 26 baada ya mauaji. Mwaka 2023 majaji wakaona kwamba afya yake haimruhusu tena kujibu kesi. Kwa hiyo hakuhukumiwa. Mnaona? Mdomo ulipatikana mapema, mkono wa feza ulichelewa sana.

Na kwetu wakati huo? Mwezi Machi 1993 mapigano yalianza sokoni Ntoto, katika teritwari ya Walikale, yakaenea hadi Masisi. Kila upande una wafu wake wa mwaka ule, na leo sitahesabu wafu wa mtu yeyote. Nasema hili tu: wakati ule neno lilitembea kwa miguu, kutoka soko hadi soko, na lilitosha kuchoma vijiji. Neno linapopata mabawa ya redio au ya simu, moto wake unakwenda mbali zaidi.

Mwezi Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma. Mwaka huohuo, Bukavu ilianza redio iliyoitwa Agatashya, ambayo baadaye iliongozwa na shirika la Uswisi, Fondation Hirondelle. Kazi yake ilikuwa kuwapa wakimbizi na wenyeji habari zilizochunguzwa. Ilinyamaza mwezi Oktoba 1996, vita vilipofika Bukavu. Tarehe 25 Februari 2002 shirika hilohilo pamoja na Umoja wa Mataifa walianzisha Radio Okapi, inayosema Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kiluba na Kikongo. Redio hizo nazo zililipwa na watu. Tofauti yake ni kwamba mlipaji alijulikana, na msikilizaji aliweza kusema: hii ni sauti ya Umoja wa Mataifa, nitaipima kama sauti ya Umoja wa Mataifa.

Redio zetu ndogo ndogo za Masisi na Walikale zinaishi kwa njia nyingine. Zinaishi kwa komunike. Unalipa ili tangazo la matanga lisomwe mara tatu, au ng'ombe aliyepotea atafutwe, au duka lako lisifiwe. Hilo si kosa. Bila komunike redio ingezimika. Kosa linaanza pale ambapo komunike ya kulipiwa inasomwa kwa sauti ileile ya habari. Niliwahi kusikia, wakati wa kampeni ya uchaguzi, barua ya mgombea mmoja ikisomwa katikati ya habari za saa kumi na mbili na nusu, kana kwamba mwandishi aliichunguza. Sokoni kesho yake watu waliapa: "Redio imesema!" Redio haikusema. Redio ilikodishwa.

Ukuta wa bure

Sasa tufike kwenye simu, maana ndiyo barza ya vijana wetu leo.

Wakati Agatashya inaanza Bukavu, upande mwingine wa dunia watu walikuwa wanatafuta namna ya kupata feza katika intaneti. Mwezi Oktoba 1994, gazeti moja la intaneti huko Marekani, HotWired, lilianza kuweka matangazo ya biashara juu ya kurasa zake. Mwaka huohuo ikazaliwa kampuni iliyokuja kuitwa GeoCities, ikawaambia watu: njoo uandike ukurasa wako, hulipi kitu. Mamilioni walikwenda. Mwaka 1999 kampuni ya Yahoo ikainunua kwa mabilioni ya dola. Mwaka 2009 Yahoo ikaifunga huko Marekani, na kurasa za watu zikatolewa. Waandishi hawakuwa na la kusema, maana ukuta haukuwa wao.

Wengine walifuata njia hiyo. Blogger ilianza mwaka 1999, Google ikainunua mwaka 2003. WordPress.com ilikuja mwaka 2005. Facebook ilianza mwaka 2004. Kila moja ina desturi zake, lakini mashina yao yanafanana. Nitakueleza kwa mfano wa kwetu.

Mtu anajenga ukuta mrefu kando ya barabara ya soko. Anakuambia, "Ndugu, andika hapa bure." Unaandika habari ya kijiji chako. Watu wanasimama kusoma. Yeye anahesabu waliosimama, wanatoka wapi, wanapenda nini. Kisha anakwenda kwa wafanyabiashara na kupiga mnada: "Hapa kando ya maandishi haya wamesimama watu mia. Nani atatoa zaidi ili bango lake likae hapa?" Mnada huo hufanywa na mashine, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Anayeshinda anaweka bango lake kando ya neno lako. Mara nyingi wewe mwandishi hukuulizwa. Kwenye baadhi ya kuta hizo, ukitaka bango liondoke, ulipe wewe.

Feza hizo si kidogo. Mwaka 2023 kampuni ya Meta, mwenye Facebook na WhatsApp, iliingiza zaidi ya dola bilioni 130, na karibu zote zilitoka kwa matangazo ya biashara. Ni mara nyingi zaidi ya bajeti ya taifa letu la Kongo.

Na hapa ndipo amani inapoingia. Mwenye ukuta anapata feza kwa kadiri watu wanavyosimama. Nini kinawasimamisha watu? Habari ya kwamba mihogo imekomaa? Hapana. Anayepita haraka husimamishwa na hofu, na hasira, na jina la kabila linalotukanwa. Mashine haichukii Mhunde wala Mhutu, haimchukii Mnyanga wala Mtutsi wala Mtembo wala Mnande. Haijui hata ni nani. Inajua tu kwamba watu wamesimama, na waliosimama wanauzika.

Yaliyonipata mimi

Sisemi haya kama mtu aliyeyasoma tu. Mwaka 2014 nilikuwa nimemaliza masomo ya sheria, nikaanza kazi ya kufundisha raia haki zao. Nilikwenda Walikale, ambako jamaa mbili ziligombania shimo moja la dhahabu. Walikuwa wameumizana. Wazee walikaa siku nne, wakapatana: kila jamaa na siku zake za kuchimba, na sehemu ya shule iwekwe kando. Nilifurahi. Niliporudi Goma niliandika mapatano yale kwa Kifaransa kwenye ukurasa wa bure wa intaneti, ili wengine wajifunze.

Baada ya majuma mawili nikapigiwa simu: njoo upesi, mapatano yamevunjika. Kijana mmoja wa kijiji kile alifungua ukurasa wangu Goma, akautoa kwenye karatasi, akaupeleka nyumbani. Kando ya maneno yangu kulikuwa na bango lenye picha ya dhahabu: tunanunua dhahabu, bei nzuri, tupigie. Jina langu juu, dhahabu kando.

Nilipofika, mzee aliyenilisha mezani kwake mwezi uliopita aliniuliza bila kunipa kiti: "Wewe wakili, walikulipa ngapi?" Jamaa moja ilikuwa imesema kwamba nilikuja kupima shimo ili niliuze kwa wageni, na kwamba jamaa ya pili ilikuwa inajua. Vijana walikuwa wamerudi kulinda shimo na mapanga.

Nilikuwa na haki yote ya kukasirika, lakini hasira isingesaidia. Wao waliona karatasi, na karatasi ilisema walivyosema. Niliomba simu mbili zenye intaneti. Nikafungua ukurasa uleule kwenye simu zote mbili mbele ya wazee. Kwenye moja likatokea bango la dhahabu. Kwenye ya pili likatokea bango la tikiti za ndege. Nikaeleza: mashine imesoma neno dhahabu katika maandishi yangu, ikaita wanunuzi wa dhahabu. Mimi sikuwaita. Sikupata hata franka moja.

Mzee alinyamaza kwa muda, akasema: "Basi nyumba umejenga wewe, lakini mlango ameushika mwingine." Akanipa kiti.

Ilichukua siku tatu kuyarudisha mapatano. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Niliufuta ukurasa ule. Mapatano tukayaandika kwa mkono kwenye karatasi tatu: moja kwa kila jamaa, na moja ukutani kwa shefu, chini ya karatasi ya plastiki ili mvua isiiharibu. Nilijifunza kwamba mpatanishi anaweza kusema kweli tupu, na bado bango lililo kando ya kweli likamfanya aonekane msaliti. Tena nilikuwa na kosa langu mwenyewe: nilikubali ukuta wa bure bila kuuliza.

Jaribio la Kiswahili, mwaka 2022

Kwangu lilikuwa bango la dhahabu. Je, mtu akilipa ili bango la chuki liwekwe? Ukuta utamkataa?

Mwezi Julai 2022, majuma machache kabla ya uchaguzi wa Kenya, mashirika mawili, Global Witness na Foxglove, yalifanya jaribio. Yalipeleka Facebook matangazo 20 ya kulipiwa, mengine kwa Kiingereza, mengine kwa Kiswahili, yenye maneno ya chuki na ya kuita watu wauane. Yalitaka kuona kama kampuni itayakataa, na yalijiandaa kuyaondoa kabla raia yeyote hajayaona. Yale ya Kiswahili yalikubaliwa yote. Baadhi ya yale ya Kiingereza yalirudishwa kwanza kwa sababu ya matusi na makosa ya lugha. Yaliposahihishwa, nayo yakapita. Kampuni ilisema imeweka watu na mashine za kuzuia chuki. Wachunguzi wakapeleka mengine mawili, nayo yakapita.

Fikiria jambo hilo, ndugu. Lugha yetu hii, ambayo kwayo Mhunde wa Nyabiondo anaelewana na Mhutu wa Mweso na Mnyanga wa Pinga, mlinzi hakuwepo mlangoni pake. Mwenye feza alipita.

Huko Nairobi kesi imefunguliwa. Mwezi Desemba 2022 Waethiopia wawili na shirika moja la Kenya waliishtaki Meta, wakisema ukuta wake ulieneza chuki wakati wa vita vya Ethiopia. Mmoja wao ni mtoto wa profesa aliyeuawa mwaka 2021. Mwezi Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba ina uwezo wa kuisikiliza kesi hiyo. Huo si ushindi bado, ila ni mara moja ambapo mahakama ya Afrika ilimwambia mwenye ukuta: njoo ujibu.

Sheria yetu inasema nini

Katiba ya mwaka 2006 inakupa haki ya kusema na haki ya kupata habari. Haki hiyo si ruhusa ya kuchochea. Sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu chuki ya rangi na ya kabila. Sheria mpya juu ya magazeti na redio, na ile ya mambo ya digitali, zote zilitiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, na ile ya digitali inagusa pia chuki inayoenezwa kwa simu na kompyuta. Baraza la kusimamia vyombo vya habari, CSAC, lina sheria yake tangu mwaka 2011.

Lakini nitawaambia kweli kama mwanasheria: mahali ambapo mahakama imefungwa kwa ajili ya vita, karatasi ya sheria haimzuii mtu mwenye simu. Kwa hiyo tusingoje hakimu peke yake. Kuna mambo tunayoweza kuyafanya sisi wenyewe, kuanzia leo.

Tufanye nini

Kwanza, jamaa zilizokimbia. Ukipata neno la simu linaloahidi safari ya Kanada, kazi, au kuandikwa kwa msaada, uliza nani amelilipa na anataka nini kwako. Huduma za HCR hazilipiwi. Anayekudai feza ili akuandike ni mwizi, hata kama bango lake lina rangi ya bluu na alama unayoijua. Usitume picha ya kadi yako ya uchaguzi kwa mtu usiyemjua. Nenda kwanza kwa prezida wa kambi, au kwa mtu wa shirika anayejulikana kwa uso.

Pili, wenye redio. Soma komunike, pokea feza, hiyo ni haki yako. Lakini kabla ya kusoma sema: "Tangazo hili limelipiwa," kisha taja aliyelipa. Liandike katika daftari, tarehe, jina na kiasi, na daftari liwe wazi kwa kamati ya wasikilizaji. Komunike inayotaja kabila kwa ubaya irudishwe pamoja na feza yake. Najua jenereta ina njaa. Najua pia soko lililochomwa halileti komunike tena.

Tatu, vijana mnaoandika. Ukuta wa bure unaweza kusaidia, sisemi muuache wote. Ila kabla ya kuandika habari ya shamba, shimo au mauaji, fungua ukurasa wako kwa simu ya mwingine, uone mabango gani yanakaa kando yake. Andika juu kabisa: "Matangazo yaliyo kando si yetu, na hatukulipwa." Na mapatano ya watu msiyaache intaneti peke yake. Yawe na karatasi na sahihi nyumbani.

Nne, mashefu, wachungaji na mapadri. Neno la simu likiwasha watu, msilijibu kwa neno lingine la simu. Liiteni barza. Mwenye simu alete simu yake, isomwe mbele ya wote. Ulizeni maswali manne: Nani amesema? Nani amelipa? Anapata nini sisi tukiamini? Nani hapa ameona kwa macho yake? Mara nyingi kwenye swali la nne watu watanyamaza, na kunyamaza huko kutaokoa kijiji.

Naulizwa: na wewe mwenyewe, nani amekulipa? Ni swali la haki, ningeona haya kama lisingeulizwa. Saa hii ya redio imetolewa na redio yenyewe bila malipo. Karatasi na wino vimenunuliwa kwa mchango wa makanisa. Mimi nimepewa nauli ya pikipiki ya kuja na kurudi. Haja yangu ni kwamba mrudi makwenu na mkae na jirani zenu. Sasa mmejua, mnaweza kunipima.

Jamaa yenye njaa haiwezi kumlipa kila mwenye redio wala kujenga ukuta wake katika intaneti. Lakini swali halilipiwi. Mfundishe mtoto wako kuliuliza kabla hajainua panga, na kabla hajalipeleka neno kwa mwingine.

Amani iwe katika nyumba zenu, hata zile ambazo bado hazijajengwa tena.

Maswali ya kuzungumzia katika barza na vikundi

1. Ni neno gani lililotufikia mwezi huu bila sisi kulipa? Tunamjua aliyelilipa?
2. Redio tunayoisikiliza inatofautisha komunike na habari kwa namna gani?
3. Kama bango baya likionekana kando ya neno jema la jirani yetu, tutamwuliza nini kabla ya kumhukumu?
4. Ni nani katika kambi au kijiji chetu atakayepewa kazi ya kuhakikisha habari za msaada na za barabara?